Kwanini barafu inayokauka inapoteza kona, na ile inayoota pembeni yake inazipata?

Swali nililoletewa, kwa ufupi, ni hili: msomaji aliacha trei ya barafu kwenye friza muda mrefu bila kuigusa, friza haikuzimwa, lakini alipoitoa akakuta vipande vimepungua, kona zimelainika, na juu pana vishimo vidogo vidogo na mifereji myembamba. Pembeni kulikuwa na mfuko wa plastiki wenye barafu pia, na kwenye plastiki yenyewe, kwa ndani, kumeota vibarafu vidogo vyenye nyuso bapa zinazong'aa na kona kali kabisa. Anauliza: "Friza ni ileile, maji ni yaleyale, baridi ni ileile, sasa kwanini kimoja kinakuwa mviringo na kingine kinatoka na kona? Na vile vishimo ni uchafu wa maji au ni nini?"

Ndugu, umeangalia vizuri sana. Watu wengi wanaona hivo vitu wanafunga mlango wa friza wanaendelea na mambo yao. Ntakujibu kwa kirefu manake ukilielewa hili la kona, mambo mengine mengi ya barafu na theluji yanafunguka yenyewe. Kiini chake ni hiki: barafu inapogeuka mvuke haifanyi kinyume cha ilivyofanya wakati inakua. Ni kazi mbili tofauti, kila moja ina sheria zake, na ndo maana zinaacha maumbo tofauti.

Kwanza tuliondoe la kuyeyuka, kwa sababu najua kuna atakayesema labda umeme ulikatika barafu ikayeyuka ikaganda tena. Ingekuwa hivo ungekuta maji yametulia na kuganda upya chini ya kila kitundu cha trei na juu pamekuwa sawasawa, usingekuta vipande vimepungua huku vimebaki na umbo lao. Barafu inaweza kutoka kwenye ugumu ikaenda moja kwa moja kwenye mvuke bila kupita kwenye maji, na inafanya hivo muda wote, hata kwenye baridi kali. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, ambayo ndo baridi ya kawaida ya friza, presha ya mvuke wa barafu ni kama Paskali 125. Ni ndogo ukilinganisha na presha ya hewa, ambayo ni kama Paskali laki moja, ila sio sifuri. Sasa shuka mpaka nyuzi 25 chini ya sifuri, inakuwa kama 63, yaani nusu. Hiyo tofauti ndo inayokuibia barafu. Friza nyingi za kisasa, hizi zisizojaza barafu ukutani, zina koili nyuma ya ukuta ambayo ikiwa inafanya kazi inakuwa na baridi kuliko trei yako, feni inazungusha hewa, mvuke unatoka kwenye trei unaenda kuganda kwenye koili, halafu kila baada ya muda hita inawaka, ile barafu ya kwenye koili inayeyuka na maji yake yanatolewa nje, mzunguko unaanza upya na hewa iliyokaushwa. Miezi ikipita vipande vimepungua na hakuna tone hata moja lililoonekana.

Kinachofanya iwe polepole ni pamoja na gharama ya joto. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunataka kama kilojuli 334. Kuigeuza mvuke moja kwa moja kunataka kama 2,830, zaidi ya mara nane. Kila molekuli inayoondoka inachukua joto lake, uso unapoa kidogo, na ukipoa presha ya mvuke inashuka, kwa hiyo barafu inajifunga breki yenyewe.

Haya, sasa tusogee kwenye uso wenyewe. Ukipiga hesabu ya molekuli zinazotoka na kuingia kwenye barafu ya nyuzi 18 chini ya sifuri, tukichukulia kwamba karibu kila molekuli inayogonga barafu inanasa, unapata kwamba kila sekunde zinaondoka molekuli za kutosha kujenga tabaka zaidi ya laki nne, na zinarudi karibu hizohizo laki nne. Tabaka moja lina unene wa kama nanomita 0.37 (nanomita ni mita moja ukiigawa mara bilioni moja). Maana yake kama ungeweza kuzizuia zote zisirudi, na wakati huohuo ukaendelea kuipa barafu joto ili isipoe, uso wake ungerudi nyuma sentimita moja kwa muda wa kama dakika moja tu! Imekaa miezi kwa sababu karibu kila inayotoka, inarudi yenyewe au inarudi nyingine badala yake. Mi kila nikirudia hesabu hii naona ndo kitu cha kwanza mtu anatakiwa kujua kuhusu barafu, kwamba ule utulivu unaouona kwa macho sio utulivu, ni msongamano wa kwenda na kurudi ambao umekaribia kulingana. Kukua ni pale wanaorudi wamezidi kidogo, kupungua ni pale wanaoondoka wamezidi kidogo.

Swali linalofuata ni nani anaondoka kwanza, na hapo ndo umbo linapozaliwa.

Ndani ya barafu kila molekuli ya maji imeshikana na majirani wanne, na mpangilio wake ni wa pembe sita, ndo asili ya theluji kuwa na pembe sita. Molekuli iliyo katikati ya uso bapa imeshikwa vizuri. Iliyo pembeni, pale tabaka linapoishia, imeshikwa kidogo. Na iliyo kwenye kona ya ukingo huo, pale ambapo mstari wa molekuli umekatika katikati, imeshikwa kidogo zaidi kiasi kwamba ndo mlango mkuu wa kuingilia na kutokea. Fikiria ukuta wa matofali ambao haujamaliziwa juu: tofali la katikati ya mstari limebanwa kila upande, lile la mwishoni limeachwa wazi, na hilo ndo unaloweza kulitoa kwa mkono. Kossel kule Ujerumani na Stranski kule Bulgaria walilieleza jambo hili kwa fuwele zote, yaani vitu vigumu ambavyo chembe zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia, sio barafu tu, mwaka 1927 na 1928, na mpaka leo ndo msingi wa kila kitu kwenye somo hili. Kwa hiyo uso bapa wa barafu haupungui kwa kuchimbwa katikati bila mpango, unapungua kwa tabaka kurudi nyuma kuanzia kwenye kingo zake, tabaka la juu linarudi, la chini yake linafuata, na kuendelea. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, walitumia darubini maalum ya leza wakaonyesha kingo za tabaka hizi moja moja zikitambaa juu ya uso wa barafu, kitu chenye urefu wa nanomita 0.37 kinaonekana kwa mwanga wa kawaida wa leza! Kwangu hiyo ni moja ya kazi nzuri kabisa zilizowahi kufanywa kwenye barafu.

Turudi kwenye vile vibarafu vyako vya kwenye mfuko, vile vyenye kona. Vile vilikuwa vinakua. Uso bapa ukikamilika ukawa hauna ukingo wowote juu yake, molekuli mpya ikitua pale haina pa kujibanza, inatangatanga kidogo inaondoka. Ili tabaka jipya lianze inabidi molekuli kadhaa zikutane kwa bahati zitengeneze kisiwa kidogo, kisiwa kikifika ukubwa fulani ndo kinaanza kutanuka chenyewe mpaka kifunike uso mzima. Mvuke ukiwa mchache visiwa vinaanza kwa nadra sana, kwa hiyo nyuso bapa zinakua taratibu. Sehemu zisizo bapa, za mviringo au zilizochongoka ovyo, zimejaa kingo kila mahali, zenyewe zinapokea kila kitu na kusonga mbele haraka. Na sasa hapa usome taratibu: upande unaosonga mbele haraka unajimaliza wenyewe. Unasonga, unapungua upana, unasonga, mwisho unapotea kabisa na kilichobaki ni zile pande za polepole zimekutana zenyewe kwa zenyewe, na zinapokutana ndo kona. Kwenye kukua, mzembe ndo anayebaki. Kona kali ni dalili kwamba nyuso za polepole zimeshinda.

Kwenye kupungua lile tatizo la kuanzisha tabaka halipo. Tabaka la juu kabisa tayari lina mwisho, mwisho wake ni pale fuwele inapoishia, na kila fuwele inaishia mahali! Hakuna haja ya kusubiri bahati. Molekuli zinang'oka kwenye ukingo wa fuwele, tabaka la kwanza linarudi ndani, la pili linaanza kabla la kwanza halijamaliza, la tatu vilevile, na kwa kuwa kila moja limetangulia kidogo kuliko lililo chini yake, pale palipokuwa na kona kali panabaki mteremko wa vingazi vingi vilivyobanana ambao kwa jicho lako ni mviringo. Afu ile sheria ya mzembe inageuka. Upande wa polepole ulio nje ya fuwele unaliwa kutoka pembeni na pande za haraka, unazidi kuwa mdogo, katikati panaweza kubaki bapa kwa muda lakini upana wake unapungua kila saa. Kwenye kupungua kwa nje, mwenye haraka ndo anayebaki.

Juu ya hapo kuna suala la hewa. Friza ina hewa, na mvuke inabidi upenye kwenye hewa ndo uende. Kona imechomoza, imezungukwa na hewa kavu pande nyingi, katikati ya uso imezungukwa na mvuke wake wenyewe. Kona inapoteza mvuke haraka kuliko katikati. Sasa mtu makini atauliza, mbona wakati wa kukua pia kona ndo inayopata mvuke mwingi, kwa sababu hiyohiyo ya kuchomoza? Ni kweli kabisa, na ndo utamu wa jambo lenyewe. Wakati wa kukua kona inapata zaidi, tabaka mpya zinaanzia pale zinatanuka kwenda katikati, na kama mvuke sio mwingi sana uso unaweza kuendana na kona ukabaki bapa. Mvuke ukizidi uso unashindwa kuendana, kona zinakimbia mbele, kila ikichomoza inapata zaidi, ikipata zaidi inachomoza zaidi, na hapo ndo zinatoka zile nyota za theluji zenye matawi sita. Ukichomoza unakua, kwa hiyo kila kijitofauti kinakuzwa. Wakati wa kupungua ni kinyume, ukichomoza unaliwa, kwa hiyo kila kijitofauti kinafutwa. Sababu ni moja ileile ya mvuke kupenya hewani, ila upande mmoja inazaa matawi na upande mwingine inafuta kona. Nakaya Ukichiro, aliyekuwa wa kwanza kutengeneza fuwele ya theluji maabara, mwaka 1936 pale Hokkaido, akiiotesha kwenye unywele wa sungura, alionyesha jinsi joto na kiasi cha mvuke vinavyoamua fuwele itoke sahani, nguzo, sindano au nyota. Utajiri wote ule wa maumbo uko upande wa kukua. Upande wa kupungua fuwele zote, iwe nyota au nguzo, zinaelekea kwenye uvimbe laini.

Na hata ukiishia kwenye mviringo, ukirudisha mvuke kidogo nyuso bapa zinarudi haraka sana, kwa sababu ile sehemu ya mviringo imejaa kingo zinazopokea. Kona inapotea kirahisi na kupatikana kirahisi, kwa hiyo ukiona kona kali ujue cha mwisho kuipata fuwele ile kilikuwa kukua.

Ila ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko ndani ya barafu. Chukua fuwele moja kubwa ya barafu safi, toboa tundu jembamba, weka sindano iliyounganishwa na pampu ya kunyonya hewa, uzibe vizuri, afu nyonya mvuke taratibu. Barafu ya ndani itaanza kugeuka mvuke na tundu litatanuka. Kwa nilivyokueleza mpaka sasa ungetegemea tundu la mviringo, si ndio? Linatoka na pembe sita! Kuta bapa, kona kali, chumba kizima chenye umbo la fuwele ya barafu, ila badala ya barafu kuna utupu. Wataalamu wanaziita fuwele hasi, zimetengenezwa maabara na kupimwa miaka mingi sasa. Hapo uvukizi, yaani barafu kugeuka mvuke, umezaa kona, na sababu ni ileile sheria ya mzembe na mwenye haraka ukiisoma kutokea ndani. Chumba kikitanuka, ukuta unaorudi nyuma haraka unajimaliza na unaobaki ni wa polepole, sawasawa na fuwele inayokua. Tena ndani ya chumba hakuna ukingo wa nje ambapo tabaka linaishia, kona zote zimeingia ndani badala ya kuchomoza, kwa hiyo ukuta bapa ukitaka kurudi nyuma inabidi shimo jipya la unene wa tabaka moja lianzishwe kwa bahati, ugumu uleule wa kuanzisha kisiwa. Kwa hiyo mtu akikuambia uvukizi unafanya barafu iwe mviringo, muulize kwanza uvukizi wa nje au wa ndani.

Na hapo ndo nakujibu la vishimo, kwa sababu vishimo ni ndani kidogo.

Vishimo kwenye vipande vyako inawezekana viko vya aina mbili. Aina ya kwanza ni mapovu. Barafu ya trei huganda kutoka nje kwenda ndani, hewa iliyoyeyuka kwenye maji inasukumwa katikati inabanwa humo, ndo maana katikati pana weupe, na uso ukirudi nyuma unayafikia mapovu unayafungua. Hivo ni vishimo vya mviringo, vimekaa bila mpangilio, na havina la ziada la kukuambia. Aina ya pili ndo ya kutafuta kwa lenzi. Hakuna fuwele iliyopangika bila kosa, ndani yake kuna mistari ya kasoro ambapo molekuli hazikukaa sawa, na pale mstari wa kasoro unapotokeza juu, molekuli zimeshikana vibaya. Pale uvukizi haungoji ukingo wa nje, unaanzia palepale unashuka, na kinatoka kishimo chenye pembe. Kikiwa kwenye ule uso wa pembe sita wa fuwele kinakuwa na pembe sita, kikiwa kwenye uso wa ubavuni kinakuwa cha mstatili. Kipande cha barafu ni punje nyingi, kila punje ni fuwele yake, na vishimo vyote vilivyo kwenye punje moja vinaelekea upande mmoja, kingo zake zinalingana, ukivuka kwenda punje ya pembeni vinageuka vyote kwa pamoja. Kwa hiyo sio uchafu. Chumvi za kwenye maji zinaweza kuongeza kasoro, hilo sikatai, ila maji safi kabisa yangekupa vishimo hivo pia.

Wanaosoma barafu ya milimani na ya ncha za dunia wamevifanya vishimo hivi kuwa chombo cha kazi. Wanapaka juu ya barafu utando mwembamba wa plastiki iliyoyeyushwa kwenye kimiminika, sio kwa moto, inayoitwa Formvar, ambayo Vincent Schaefer alianza kuitumia kule Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1940 kuchukua nakala za fuwele za theluji. Utando ukikauka unabaki na vitundu vidogo sana, mvuke unatokea kwenye vitundu hivo tu, na chini ya kila kitundu kinachimbika kishimo chenye pembe. Ukiangalia kwa darubini umbo la kishimo na kimelalia wapi, unajua fuwele nzima imelala vipi ndani ya barafu, na ukijua fuwele zimelala vipi unaweza kusema barafu ile imebanwa na kusukumwa kwenda wapi.

Ile mifereji myembamba nayo ni hadithi hiyohiyo. Kipande chako sio fuwele moja, ni punje nyingi zilizogandia pamoja kila moja na mwelekeo wake, na pale zinapokutana molekuli haziko sawa na upande huu wala ule. Mpaka huo unavuta uso uingie ndani, na uvukizi unauchonga mpaka uonekane kwa jicho. Ukifuata mifereji hiyo kwa macho unachora ramani ya punje zote za kipande chako, bila kifaa chochote.

Nje ya friza mambo haya yanatokea kwa ukubwa ambao mtu hawezi kuukwepa. Mawingu membamba ya juu sana yametengenezwa na fuwele za barafu, na fuwele zikiwa na nyuso bapa na kona safi mwanga wa jua ukipita unapinda, unaona duara kubwa limezunguka jua kwa umbali wa nyuzi 22 za pembe, sio za joto. Duara lile linahitaji pande mbili bapa za fuwele zilizoinamiana kwa nyuzi 60. Fuwele zikishukia kwenye hewa kavu zinaanza kupungua, kona zinalainika, pande zinapoteza ubapa, na duara linafifia hata kama wingu bado lipo. Darubini za elektroni zimeonyesha pia kwamba uso unaoonekana bapa kwa mbali unaweza kuwa na matuta na mikunjo midogo sana, na uvukizi unaweza kuyafanya yaonekane zaidi. Hili ni jambo zito kwa wanaopiga hesabu za hali ya hewa, manake wingu la fuwele zenye uso mkwaruzo linarudisha mwanga wa jua angani tofauti na wingu la fuwele laini. Wilson Bentley wa Vermont, Marekani, aliyepiga picha yake ya kwanza ya fuwele ya theluji kwa darubini mwezi Januari 1885, alikuwa anafanya kazi kwenye kibanda kisicho na moto na anabana pumzi akiwa anahamisha fuwele, kwa sababu anachelewa kidogo tu, ncha zimeshaanza kuondoka.

Kwenye theluji iliyolala chini kuna kitu ambacho kingekufurahisha hata zaidi ya friza. Ardhi chini ya theluji ina joto kidogo kuliko hewa ya juu, kwa hiyo ndani ya theluji mvuke unapanda. Unatoka juu ya punje ya chini, unavuka kijinafasi, unaganda chini ya punje inayofuata. Kila punje inapokea upande wa chini na inapoteza upande wa juu kwa wakati mmoja, na ukiitoa ukaiangalia, chini ina kona na nyuso bapa, juu ni mviringo. Punje moja, imeandikwa sheria zote mbili! Tofauti ya joto ikiwa kubwa, kama nyuzi 10 au zaidi kwa kila mita ya kina, theluji ya chini inageuka yote kuwa fuwele kubwa zenye kona ambazo hazishikani vizuri, na tabaka la namna hiyo likibeba theluji nzito juu yake kwenye mteremko ndo linaloachia maporomoko yanayoua watu. Tofauti ikiwa ndogo punje zinakuwa mviringo, zinashikana, theluji inakomaa.

Nikuambie na pale ambapo uvukizi haulainishi, usije ukakutana napo ukadhani nimekudanganya. Kwenye milima mirefu ya Andes, penye hewa kavu na jua kali, theluji inachongoka inakuwa majani marefu yaliyosimama yakielekea jua, mengine yanazidi urefu wa mtu. Yanaitwa penitentes, Darwin aliyapita mwaka 1835 akivuka milima hiyo. Pale anayeamua ni mwanga. Shimo dogo kwenye theluji linapokea jua moja kwa moja na pia linapokea mwanga uliorudishwa na kuta zake, linapata joto zaidi kuliko ncha, kwa hiyo shimo linapoteza barafu haraka na linazidi kuzama. Ncha imechomoza kwenye hewa kavu, inageuka mvuke, na ule mvuke unaipoza. Mwaka 2006 watafiti waliyatengeneza madogo ya sentimita chache maabara, kwa taa tu na theluji kwenye baridi. Ndani ya friza yako hakuna jua, joto linakuja taratibu kutoka kila upande, kwa hiyo anayeamua ni mvuke kupenya hewani, na huyo analainisha.

Sasa ule mfuko. Kompresa ikiwaka hewa inapoa haraka, plastiki ni nyembamba inapoa nayo, barafu ya ndani ni nzito inachelewa. Kwa muda huo barafu ina joto kidogo kuliko plastiki, mvuke unatoka kwenye vipande unaganda kwenye plastiki kwa ndani, na hauna pa kwenda kwingine kwa sababu mfuko umefungwa. Kompresa ikizima plastiki inapata joto kidogo, sehemu ya mvuke inarudi, afu mzunguko mwingine. Kila mzunguko unahamisha kidogo, na kwa kuwa hewa ya ndani ya mfuko inakaa imejaa mvuke karibu muda wote, vile vibarafu vinakua taratibu, yaani hali nzuri kabisa ya kupata nyuso bapa. Trei iliyo wazi haikupata nafasi hiyo, mvuke wake wote ulienda koili.

Ukitaka kuyaona haya mwenyewe, gandisha maji yaliyochemshwa yakapoa ili yawe na mapovu machache, toa vipande viwili, kimoja kiweke wazi karibu na matundu ya feni, kingine kifunge kwenye mfuko uliokamuliwa hewa yote ukabana barafu. Usiviguse kwa vidole, joto la kidole linayeyusha uso na kufuta kila kitu. Baada ya wiki kadhaa viangalie kwa lenzi ya kukuza mara kumi, mwanga uje kutoka ubavuni sio juu, ndo vishimo vyenye pembe vitatoa vivuli uvione. Kile kilichobanwa na plastiki kitakuwa kimebadilika kidogo sana, na hiyo pia ndo njia ya kuhifadhi barafu isipungue: usiiachie hewa ya kupumulia. Ukiona kwenye kile cha wazi vishimo vimejipanga upande mmoja halafu ghafla vinabadilisha mwelekeo, umefika kwenye mpaka wa punje mbili, na hapohapo utaukuta na mfereji.